Wapenzi wa roki ya alternativu, bendi zenu ni zipi na mnachimbia wapi mtandaoni?

mtu_wa_Kihonda:

Habari za usiku wadau. Mi niko Moro, na huku nilipo nikisema nasikiliza roki watu wananishangaa, si kwa ubaya, ni kwamba kila kona ni singeli na Bongo Fleva, na hizo hata mimi nazipenda ila roki ndo inanishika hapa kifuani. Ilianza na flashi ya kaka yangu, alikuwa anasoma Nairobi akarudi likizo na flashi ina nyimbo mchanganyiko hazina hata majina, zimeandikwa Track 01 Track 02 mpaka mwisho, na ya nne ilikuwa Zombie ya The Cranberries. Nilikuwa darasa la sita, kiingereza sina, ila ile sauti ya yule dada inavyovunjika pale kwenye kiitikio nilijua kabisa huyu mtu analilia jambo la kweli. Miaka mingi baadae ndo nikasoma kwamba aliuandika baada ya mabomu ya Warrington kule Uingereza, mwezi wa 3 mwaka 1993, yaliyoua watoto wawili. Nikausikiliza upya usiku ule nimezima taa. Na siku yule dada, Dolores O'Riordan, amefariki, Januari 2018, sikuwa na mtu wa kumwambia.

Sasa bendi zangu mpaka leo ni hizi, Cranberries, Nirvana, R.E.M. (ile mandolini kwenye Losing My Religion jamani, kadude kadogo vile kanabeba wimbo mzima), Radiohead na Linkin Park. Shida yangu ni kwamba nikifungua YouTube inaniletea zilezile, zile nyimbo kumi za kila bendi ambazo kila mtu anazijua, naenda mbele narudi nyuma niko palepale. Nataka kujua hawa watu walitoka wapi, walimsikiliza nani, nani aliwarekodi, nani walikuwa majirani zao ambao hawakupata jina.

Kwa hiyo naomba mnisaidie mambo mawili, kwanza bendi zenu za moyoni na mniambie kwa nini, sio majina matupu, pili mnapata wapi hizo habari na hizo nyimbo mtandaoni. Naweka bando la GB 1 kwa wiki na hilo ndo la kila kitu, kwa hiyo sehemu ya kusoma zaidi kuliko kutazama video itanifaa zaidi. Natanguliza shukrani.

Kitambo_Eastlands:

Niaje ndugu yangu wa Moro. Hio story ya flashi imenigusa sana juu mimi nililelewa na X FM 105.5 hapa Nairobi, ukipanda matatu ukute dere ameiweka ungeskia umefika nyumbani kabla ya kufika nyumbani. Kuna mtu alikuwa anaweka Smashing Pumpkins saa moja asubuhi kwa jam ya Jogoo Road na gari yote imenyamaza.

Sasa skiza, wewe ushaanza na Cranberries na hapo una mlango mzuri kuliko venye unafikiria. Angalia nani alikuwa prodyuza wa zile albamu zao mbili za kwanza, ya 1993 na hio ya 1994 yenye Zombie ndani. Ni Stephen Street. Huyo jamaa kabla ya hapo alikuwa kwa studio na The Smiths wa Manchester, alikuwa injinia kwa The Queen Is Dead ya 1986 na akawa mmoja wa maprodyuza wa albamu yao ya mwisho 1987, halafu mwaka ule ule wa Zombie akatoa Parklife na Blur wa London. Kwa hivyo hao Cranberries wa Limerick, Ireland, wamekupeleka Manchester wakakupeleka London bila kulipa nauli. Mimi ndio njia natumia siku zote, sifuati ati bendi zinazofanana, hio kompyuta inakuchagulia vitu laini, mimi nafuata jina la mtu kwa kazi yake.

Na mahali pa kufanya hio kazi ni Discogs. Ilianza 2000 kama orodha ya rekodi za muziki wa elektroniki lakini saa hii ina kila kitu, watu wenyewe wanaoshika hizo rekodi kwa mkono ndio wanaandika kila jina lililo nyuma ya kava, nani alipiga, nani alirekodi, studio gani, hata nani alipiga picha. Fungua ukurasa wa albamu, shuka chini kwa majina, bonyeza jina moja, utaona maisha yake yote ya kazi yamepangwa. Ni maandishi tu na picha ndogo ndogo, bando yako haitaskia. Ukishapata albamu hapo unaenda AllMusic unasoma maelezo, wale wanaandika vizuri, hawapigi kelele, wanakuambia bendi ilikuwa wapi kimaisha wakati wanarekodi.

Bendi yangu ya moyoni ni The Smiths, na nitakuambia kwa nini. Guka yangu (babu) alikuwa na redio ya mkulima ikikaa kwa dirisha na ilikuwa ni benga na rumba asubuhi mpaka jioni, sasa siku ya kwanza kuskia Johnny Marr, mpiga gitaa wao, nikaskia lile gitaa safi, halina mkwaruzo, linatembea note moja moja juu ya wimbo kama mtu anaongea na wewe pembeni, nikasema hii mimi naijua. Si ati ni benga, hapana, lakini sikio langu lilikuwa tayari. Anza na The Queen Is Dead, yote, usiruke.

Mzee_wa_Kanda:

Kijana hongera kwa kusikiliza kwa makini. Mimi ni mtu wa kanda, nilinunua R.E.M. Kariakoo enzi hizo kanda zinauzwa mezani barabarani. Nikuongezee kuhusu hiyo mandolini: Peter Buck alikuwa ndo kwanza amenunua mandolini anajifunza, amekaa anaangalia televisheni huku anajirekodi, kesho yake anasikiliza mkanda kumbe katikati ya kujifunza kule wimbo umeshazaliwa. Mtu aliyepiga gitaa miaka kumi kakubali kuwa mwanafunzi tena, hilo ndilo linalonifanya niwaheshimu. Ila usiishie kwenye Out of Time ya 1991, albamu yenye wimbo huo. Rudi nyuma mpaka Murmur ya 1983, wako vijana wa Athens, Georgia, mwimbaji huelewi anasema nini na haidhuru hata kidogo. Halafu nenda mbele kwenye Automatic for the People ya 1992.

Linkin Park ni bendi nzuri lakini si alternativu, ile ni nu metali.

binti_Chumbageni:

Shikamoo mzee. Kwenye R.E.M. niko na wewe kabisa ila kwenye Linkin Park naomba nipingane kidogo kwa heshima, kwa sisi tuliozaliwa miaka ya tisini Hybrid Theory, albamu yao ya kwanza, ndo ilikuwa mlango, bila Chester mwimbaji wao nisingewahi kufika hata kwa Nirvana, na mtu akiingia ndani haina haja kumuuliza kapitia mlango upi.

Kaka wa Kihonda, mi niko Tanga na napiga besi, kwa hiyo nitakujibu kama mpiga besi. Bendi zangu ni tatu, Pixies, The Breeders na PJ Harvey, na ukitaka kujua zimenifikiaje ni kwa njia ileile aliyosema kaka wa Nairobi, jina moja tu, Steve Albini. Nilianza na In Utero ya Nirvana, ya 1993, nikawa najiuliza kwa nini dramu hapa zinasikika kama niko chumbani nao wakati kwenye Nevermind, albamu yao ya kabla ya hapo, zimelainishwa, nikasoma nikakuta aliyerekodi ni huyu bwana wa Chicago ambaye hata hakutaka kuitwa prodyuza, alitaka iandikwe tu kwamba amerekodi. Aliwaandikia Nirvana barua kabla ya kazi, barua yenyewe iko mtandaoni itafute uisome, anawaambia anataka alipwe kama fundi bomba, anafanya kazi analipwa analala, hataki asilimia ya mauzo kwa sababu anaona hela ile ni ya bendi. Albamu iliyokuja kuuza mamilioni! Na alishikilia hivyo mpaka alipofariki Mei 2024. Mi hilo lilinibadilisha namna ninavyofikiria muziki na pesa, nikienda kupiga besi mahali sasa hivi nasema bei yangu mwanzo, nalipwa, basi.

Sasa bonyeza jina lake uone. 1988 ilitoka Surfer Rosa ya Pixies, watu wa Boston, aliirekodi yeye, na ndo hao ambao Kurt Cobain, mwimbaji wa Nirvana, alikuja kukiri mwenyewe kwamba alipokuwa anatunga Smells Like Teen Spirit alikuwa anajaribu kutunga wimbo wa Pixies, ile ya beti kimya halafu kiitikio kinalipuka. 1990 akarekodi Pod ya The Breeders, bendi ya Kim Deal ambaye ndo alikuwa besi wa Pixies. 1993 ikatoka Rid of Me ya PJ Harvey, nayo kairekodi yeye, sikiliza kwa hedifoni na uwe mwangalifu na sauti maana inaanza chini sana unaongeza unaongeza halafu inakupasukia masikioni. Studio yenyewe ni ileile ya Minnesota ambako Nirvana walikwenda miezi michache baadae.

Baba yangu alikuwa besi kwenye bendi ya dansi, nikamuwekea Gigantic ya Pixies, ile anayoiimba Kim Deal, siku moja nikitaka tu kujua atasema nini. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema huyu mama hana papara, anajua wimbo unamhitaji wapi. Nilifurahi wiki nzima.

Kwa kujifunza kupiga natumia Songsterr, inakuonyesha kila chombo peke yake na unaona unapokwenda, na Ultimate Guitar kwa kodi za gitaa (chords), ila kule kwa Ultimate Guitar watu wanaandika wenyewe kwa hiyo wimbo mmoja unaweza kukuta umeandikwa mara tano na mara tatu una makosa, sikiliza kwa sikio lako kwanza.

Bukavu_Kampala:

Mie natoka Bukavu naishi Kampala, nimepita tu kusema kuna bendi ya New York inaitwa Vampire Weekend, albamu yao ya kwanza ya 2008 ina wimbo umebeba jina la kwasa kwasa yetu kabisa na gitaa linaenda vilevile kwa mwendo wa nyumbani. Nilipousikia mara ya kwanza nilisimama. Kuna watu wanawakasirikia kwamba wamechukua, mie nilisikia furaha tu, lakini baada ya hapo nilirudi kusikiliza Kanda Bongo Man, mwimbaji wetu wa Kongo, na nikaona mwenye nyumba ni nani. Na ukitaka kelele za huku kwetu, Duma wa Nairobi, albamu yao ya 2020 ilitoka kwa Nyege Nyege Tapes ya hapa Kampala, iko Bandcamp unasikiliza kabla hujanunua. Si alternativu, ni nzito zaidi, lakini usiogope.

Tacoma_Mswahili:

Salaam wadau, niko jimbo la Washington huku, saa moja kutoka Seattle kama barabara haina foleni, nimekuja huku kufanya kazi nikakuta ndo nimekaa kwenye udongo wenyewe wa granji, ile roki ya akina Nirvana, na nilikuwa hata sijui. Kazini naendesha gari usiku na redio yangu ni moja tu, KEXP 90.3. Zamani ilikuwa redio ya chuo kikuu inaitwa KCMU, na waanzilishi wote wawili wa Sub Pop, ile lebo iliyotoa Bleach ya Nirvana 1989, waliwahi kutangaza hapo. Bleach yenyewe ilirekodiwa kwa dola 606 na senti 17, na aliyelipa ni mpiga gitaa ambaye hata hakupiga kwenye albamu ile, Jason Everman, picha yake iko kwenye kava na jina lake limeandikwa kama shukrani.

KEXP wanarusha mtandaoni bure kabisa, hakuna kujisajili, na kizuri zaidi kwa mtu anayetaka kujua ni kwamba kila wimbo unaopigwa unaandikwa kwenye tovuti yao palepale, jina, bendi, albamu, mwaka, lebo, na mara nyingi mtangazaji anaandika na maelezo mafupi. Kwa hiyo hata kama bando limeisha unaweza kufungua ile orodha ukasoma tu. Kuhusu bando, strimu ya 64 kbps inakula kama MB 29 kwa saa, ya 128 mara mbili yake, piga hesabu yako, ila zile video zao za YouTube za bendi zikipiga studio acha mpaka ukipata waifai ya bure. Nikiwa na siku ya mapumziko naenda palepale kituoni, wana sehemu ya wazi ya kukaa na mgahawa wa kahawa, mtu yeyote anaingia. Nilikaa pale masaa mawili sina ninayemjua na sikujiona mgeni.

Sehemu ya pili, Internet Archive, kuna chumba chao kinaitwa Live Music Archive, shoo zilizorekodiwa na mashabiki kwa ruhusa ya bendi, unapakua bure kihalali. Smashing Pumpkins wamo, shoo nyingi sana. Hao nao watu wa kugawa, mwaka 2000 walitengeneza sahani 25 tu za Machina II wakawapa watu wa karibu na mashabiki wakawaambia wekeni mtandaoni kila mtu apate. Chagua MP3 usichague FLAC (faili la sauti kubwa zaidi), FLAC ni tamu lakini itameza wiki yako nzima kwa shoo moja.

Na bendi yangu ya moyoni ni Fugazi wa Washington DC. Kiingilio walikuwa wanataka kiwe dola 5, watoto wanaruhusiwa, na ukianza kumpiga mwenzio pale mbele wanasimamisha wimbo wanakurudishia hela yako utoke. Shoo zao zaidi ya 800 zimehifadhiwa kwenye tovuti ya lebo yao Dischord, kila moja na tarehe na mahali, bei wanayopendekeza ni dola 5 ileile. Kuanzia 1987 mpaka 2002. Mi naona hakuna bendi iliyoweka kumbukumbu yake kwa uaminifu hivyo, hata zile shoo zilizorekodiwa vibaya zimo na wanakwambia kabisa ubora wake ukoje.

Radiohead ulitaja, basi ingia tovuti yao, tangu Januari 2020 wameigeuza maktaba, albamu zote na video na shoo za zamani zimewekwa pamoja. Na ukitaka zoezi la kuanzia, chukua ile shoo ya Nirvana ya MTV Unplugged ya Novemba 1993, andika nyimbo zote ambazo si zao, halafu mmoja mmoja mtafute mwenyewe.

mtu_wa_Kihonda:

Wadau nimerudi, ni siku kumi na mbili zimepita na sikutaka kuandika asante tupu, nilitaka niende kwanza nifanye mliyosema.

Zoezi la Unplugged nimelifanya. Nyimbo sita si zao! Mmoja wa David Bowie, mmoja The Vaselines wa Scotland, tatu za Meat Puppets ambao nao wamekaa palepale jukwaani wanapiga, ndugu wawili, na ule wa mwisho ni wimbo wa jadi aliojifunza kwa Lead Belly, mzee wa Louisiana aliyezaliwa karne ya 19. Nilimtafuta Lead Belly nikamkuta Internet Archive, sauti imechakaa ina mvumo kama mvua, gitaa la nyuzi 12 na yeye peke yake, nikaelewa Kurt alikuwa anaangalia wapi alipofumba macho pale mwishoni. Miaka yote naisikiliza shoo ile nikidhani ni huzuni ya mtu mmoja kumbe alikuwa anatutambulisha kwa wazee wake.

Kaka wa Nairobi, The Queen Is Dead nimesikiliza yote sijaruka, mara ya kwanza nilikuwa sijaelewa, mara ya tatu nikiwa nafua nguo ndo limeniingia lile gitaa. Nimempigia kaka yangu simu kumuuliza zile Track 01 mpaka 20 alizipata wapi, akasema kuna jamaa hosteli alikuwa anarekodi kutoka redioni. Kwa hiyo huenda ni X FM yenu hiyohiyo ndo ilifika Moro kwa flashi.

Mzee, Murmur naipenda na umesema kweli, sielewi neno na haidhuru. Dada wa Tanga, hedifoni zangu zimepona lakini kidogo tu. Barua ya Albini nimeisoma mara mbili, nimemtafsiria rafiki yangu anayerekodi Bongo Fleva hapa mtaani, kakaa kimya muda mrefu halafu akaniomba linki.

KEXP nasikiliza usiku, kule inakuwa mchana. Jana wamepiga kitu sikijui, nikafungua orodha yao haraka, nimeandika jina kwenye daftari. Sasa daftari lina majina arobaini na moja na bando limebaki MB 200 mpaka Jumapili. Bukavu, kwako nitakuja na swali la Kanda Bongo Man, nianze na albamu gani?

Bukavu_Kampala:

Anza na Kwassa Kwassa yenyewe. Bakisha hizo MB 200 kwa ajili yake, na uweke sauti juu mama wa nyumba asikie.

binti_Chumbageni:

Na ukishamaliza weka hilo daftari hapa tupige picha ya macho wote, hata mi nataka hayo majina arobaini na moja.